Mchango wa familia upimwe kwa mapato, si kwa bei ya kozi
Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, wasimamizi wa Hazina ya Vyuo Vikuu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa, Nairobi

Waheshimiwa,

Kwa viwango vya 2024, mwanafunzi anayeomba ufadhili wa chuo kikuu huwekwa katika bendi moja kati ya tano kwa kupima hali ya familia yake, na bendi hiyo huamua ni sehemu gani ya gharama italipwa kwa ufadhili usiorudishwa, ipi kwa mkopo, na ipi na familia. Chukueni kozi inayogharimu shilingi 240,000 kwa mwaka katika chuo kikuu cha umma. Mwanafunzi wa bendi ya kwanza, ambaye kwao hupatikana shilingi 5,995 kwa mwezi, anadaiwa asilimia 5 ya gharama hiyo kama mchango wa familia. Hiyo ni shilingi 12,000, na ni sehemu ya sita ya kila senti inayoingia katika nyumba hiyo mwaka mzima. Mwenzake wa bendi ya tano, ambaye wazazi wake wanapata shilingi 120,001 kwa mwezi, anadaiwa asilimia 40, yaani shilingi 96,000. Ukizigawa kwa mapato ya mwaka ya wazazi hao, unapata sehemu ya kumi na tano. Wakizidi kupata, sehemu hiyo inazidi kupungua.

Kwa hiyo mfumo uliotangazwa kuwa wa kumsaidia mnyonge unamdai mnyonge sehemu kubwa zaidi ya alicho nacho. Hakuna karani aliyekosea. Hesabu imekokotolewa sawasawa kama ilivyoandikwa. Kilichoandikwa ndicho kibaya. Sisi tunaowaongoza wanafunzi waliomaliza kidato cha nne kujaza maombi haya, na kuyasoma majibu pamoja na wazazi wao, tunawaomba mwibadilishe. Hapa tunaeleza ni wapi na kwa vipi.

Mfumo huu ulitangazwa tarehe 3 Mei 2023 na ukaanza na waliofanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2022. Hatusahau kilichokuwapo kabla yake. Mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ilipaswa kubeba asilimia 80 ya gharama ya kozi, lakini fedha zilizofika zilipungua mwaka baada ya mwaka hadi vyuo vikalemewa na madeni. Kubadilisha kulihitajika. Tena mpango wa kwanza, wa 2023, ulikuwa na jambo jema ambalo liliondolewa kimyakimya: makundi mawili ya chini hayakudaiwa mchango wowote wa familia. La kwanza lilipata ufadhili wa asilimia 82 na mkopo wa 18, la pili ufadhili wa 70 na mkopo wa 30. Bendi tano zilipokuja 2024, kila familia ikawekewa bili, hata ile isiyo na mshahara wala shamba.

Viwango vya 2024 ni hivi. Bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na familia hulipa 5. Bendi ya pili, kwa mapato ya hadi shilingi 23,670 kwa mwezi, ni 60, 30 na 10. Ya tatu, hadi shilingi 70,000, ni 50, 30 na 20. Ya nne, hadi 120,000, ni 40, 30 na 30. Ya tano ni 30, 30 na 40. Juu ya hapo kuna mkopo wa kujikimu: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, kisha 55,000, 50,000, 45,000 na 40,000.

Tazameni mipaka ya bendi hizo. Familia yenye shilingi 23,670 kwa mwezi inalipa 24,000 kwa mwaka kwa kozi ile ile ya 240,000. Ikipata shilingi moja zaidi, inalipa 48,000. Shilingi moja kwa mwezi inaipotezea nyumba hiyo 24,000 kwa mwaka, na 96,000 kwa kozi ya miaka minne. Kwenye mpaka wa chini ni vibaya zaidi: anayevuka 5,995 anaongezewa shilingi 12,000, na hayo ni mapato yake yote ya miezi miwili. Na nyumba iliyo kwenye mpaka wa chini wa bendi ya pili inalipa 24,000, yaani thuluthi ya mapato yake ya mwaka. Kibarua, mama mboga na mtu wa boda hawajui kipato chao kwa usahihi wa shilingi moja, wala wa shilingi elfu moja.

Kosa la msingi ni kwamba mchango wa familia umefungwa kwenye bei ya kozi. Mtoto wa bendi ya kwanza akipangiwa kozi ya shilingi 480,000, nyumba ile ile yenye 5,995 inadaiwa 24,000 badala ya 12,000. Mapato hayajaongezeka. Kilichoongezeka ni alama za mtoto, zilizompa nafasi kwenye kozi ngumu na ghali. Na kama dada yake yuko chuoni mwaka huo huo, bili huja mbili, kwa sababu asilimia inakatwa kwa kila mwanafunzi.

Mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma. Wazazi walishukuru na sisi pia. Lakini punguzo linashusha urefu wa ngazi tu. Mahali pa kujikwaa panabaki palepale iwapo anayevuka mpaka kwa shilingi moja bado anaangukia asilimia nyingine.

Sasa deni, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Jumlisheni mkopo wa karo na wa kujikimu kwa kozi ya 240,000 ya miaka minne. Bendi ya kwanza: 60,000 na 60,000 kila mwaka, jumla 480,000. Bendi ya pili: 72,000 na 55,000, jumla 508,000. Ya tatu inafika 488,000, ya nne 468,000, ya tano 448,000. Anayetoka katika nyumba isiyo na kitu anahitimu na deni kubwa kuliko mtoto wa mwenye mshahara mnono, na wa bendi ya pili ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote. Mkopo huo una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Unaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe amepata kazi au hajapata, na anayekosa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Kijana wa bendi ya tano ana mzazi wa kumshika mkono katika miezi hiyo. Wa bendi ya kwanza ndiye anayetegemewa na wadogo zake.

Njia nyingine ipo na inatumika. Nchini Marekani, ruzuku ya Pell kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ambayo mwanafunzi harudishi, hupimwa kwa kuanzia upande wa familia. Kwanza hutafutwa kiasi ambacho nyumba inaweza kuchangia. Kisha kiasi hicho hutolewa kwenye kiwango cha juu cha ruzuku, ambacho katika mwaka wa masomo wa 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Uwezo ukiongezeka kwa dola moja, ruzuku hupungua kwa dola moja. Mfumo huo una matatizo yake, na fomu yao mpya ilipotoka mwishoni mwa 2023 ilikwama kwa miezi. Hata hivyo, kanuni ya kuanza na uwezo wa nyumba, kisha kuteremka polepole, ni sahihi, na hapa kwetu haihitaji mtambo mpya. Mapato mnayauliza tayari.

Tunapendekeza hivi. Familia yenye mapato ya hadi shilingi 23,670 kwa mwezi isidaiwe chochote. Kwa anayezidi hapo, mchango uwe asilimia 10 ya kile kinachozidi, kwa mwaka, bila kujali kozi ni ya uuguzi, sheria au ualimu, na usizidi gharama ya kozi yenyewe. Nyumba yenye shilingi 35,000 kwa mwezi inazidi kwa 11,330. Kwa mwaka ni 135,960. Mchango wake ni 13,596. Leo, kwa kozi ya 240,000, inadaiwa 48,000. Yenye 70,000 ingelipa 55,596, juu kidogo ya inavyolipa sasa. Yenye 120,000 ingelipa 115,596, ilhali leo iko bendi ya nne na inalipa 72,000. Kiasi hicho kiwe cha nyumba nzima, kigawanywe kati ya watoto walio chuoni. Anayeongezewa mshahara kwa shilingi mia moja ataongezewa mchango wa shilingi kumi. Hakuna mpaka wa kuogopa, na kishawishi cha kupunguza tarakimu ili kubaki chini ya mstari kinapungua sana.

Hatudai kwamba watakaolipa zaidi watafidia pengo lote. Kujua hilo kunahitaji idadi ya wanafunzi katika kila bendi, wamesimama wapi ndani ya bendi hiyo, na gharama za kozi walizopangiwa. Takwimu hizo mnazo ninyi. Zichapisheni, bila majina, ili hesabu ifanywe hadharani. Pamoja na hilo, fedha za kujikimu kwa bendi mbili za chini ziwe ruzuku badala ya mkopo. Kwa mfano wetu, deni la mwanafunzi wa bendi ya kwanza lingeshuka kutoka 480,000 hadi 240,000.

Mtasema kipimo ndicho shida: watu watadanganya. Wengine watadanganya, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya tarakimu mbovu tunazoziona zinatokana na namna fomu inavyojazwa. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi kozi na vyuo, ikishatangaza nafasi, mwanafunzi hufungua akaunti kwenye tovuti ya HEF, ambako maombi ya ufadhili na mkopo hujazwa. Anahitaji barua pepe, nambari ya simu, nambari yake ya mtihani wa KCSE, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa kama hajatimiza miaka 18, vitambulisho vya wazazi, majina ya wadhamini na picha. Wengi hawana barua pepe wala simu yenye intaneti, kwa hiyo kazi hufanyika saiba, yaani duka la intaneti. Mhudumu wa saiba humfungulia barua pepe, humwekea neno la siri analolijua yeye, na wakati mwingine huandika nambari yake mwenyewe ya simu ili ujumbe wa uthibitisho usichelewe. Bendi ikitoka, taarifa inaenda kwa mhudumu. Siku za kukata rufaa zinapita mwanafunzi akiwa kijijini akingoja.

Kisha linakuja swali la mapato ya mwezi. Foleni ni ndefu, mzazi hayupo, mtoto hajui. Mhudumu anaandika 10,000 kwa sababu ni tarakimu ya kuridhisha, si kubwa wala ndogo. Mstari wa bendi ya kwanza uko 5,995. Kwa tarakimu hiyo ya kukisia mtoto amesogezwa hadi bendi ya pili, na hatajua ni kwa nini.

Hata mzazi akiwapo, swali lenyewe halimfai. Mkulima wa majani chai hupokea malipo madogo ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Akijaza baada ya bonasi anaonekana tajiri. Akijaza kabla yake anaonekana fukara. Mwenye mahindi huuza mavuno na kukaa miezi bila kitu, na hakuna anayemwambia aondoe gharama ya mbegu, mbolea na vibarua kabla ya kuandika. Ulizeni mapato ya mwaka mzima, baada ya gharama, kwa vipengele: mazao gani, magunia au kilo ngapi, mifugo mingapi, kuna mwenye payslipu au hapana. Wenye ajira rasmi, kodi yao ya mshahara iko kwa mamlaka ya ushuru, KRA. Mfumo uisome huko, wala msiwasumbue waliojiajiri kuthibitisha kisichoandikwa popote.

Na zipo nyumba ambazo hazihitaji kupimwa upya, kwa sababu serikali imeshazipima. Mtoto wa nyumba inayopokea fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa ajili ya mayatima au ulemavu mkali aingie bendi ya kwanza moja kwa moja. (Tunatenga malipo ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, kwa kuwa hayo hutolewa kwa umri, si kwa umaskini.) Vivyo hivyo aliyesomeshwa sekondari na Elimu Scholarship, mpango wa Wizara yenyewe. Mtoto huyo huweza kuonekana amesoma shule ya kitaifa ya gharama kubwa, kumbe karo ililipwa na mfadhili. Jibu la nani alilipa karo lizidi jina la shule.

Yatima wanahitaji uangalizi wa peke yake. Mfumo unataka cheti cha kifo cha mzazi. Familia nyingi za mashambani zilizika kwa kibali cha mazishi na hazikuwahi kufuata cheti, hasa mzazi alipofia nyumbani. Kukipata miaka baadaye kunataka barua ya naibu chifu, safari hadi kwa msajili na wiki za kusubiri, huku dirisha la maombi likiwa wazi kwa muda mfupi. Mtoto huona ni rahisi kuandika kwamba mzazi yu hai, na hapo anapoteza kitu ambacho kingemweka bendi ya kwanza. Kibali cha mazishi kikubaliwe kwa muda, cheti kifuate kabla ya muhula wa pili. Anayelelewa na nyanya yake, au ambaye baba alitoweka zamani na nambari ya kitambulisho chake haijulikani, awekewe kisanduku chake, na barua ya chifu itoshe.

Baada ya majibu, jambo la kwanza analotaka kujua mzazi ni kwa nini mtoto wake yuko bendi hiyo. Leo anapewa jina la bendi na tarakimu za fedha. Vigezo vilivyotajwa hadharani ni hali ya wazazi, ukubwa wa familia, jinsia, aina ya kozi, ulemavu na eneo lililoachwa nyuma, lakini uzito wa kila kimoja hauonyeshwi, kwa hiyo rufaa inaandikwa gizani. Mwanafunzi anasimulia shida zote alizo nazo, ilhali pengine kilichomponza ni tarakimu moja aliyoiandika mhudumu wa saiba. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa utawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine pekee, na ya kuomba utazamwe upya. Mahakama Kuu, tarehe 20 Desemba 2024, ilishatangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa. Lolote litakaloamuliwa mwishoni kuhusu mfumo wenyewe, hakuna kinachowazuia kutoa ukurasa mmoja kwa kila mwombaji: haya ndiyo majibu uliyotupa, hivi ndivyo kila jibu lilivyohesabiwa, hili ndilo lililokupandisha. Makosa mengi yangesahihishwa siku hiyo hiyo.

Linabaki suala la fedha kufika. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, vyuo vingi hupokea wanafunzi wapya kati ya Agosti na Septemba, na fedha za ufadhili na mikopo hutoka kwa vipande. Mwanafunzi wetu wa bendi ya kwanza anadaiwa na chuo 120,000 kwa muhula. Nyumbani wamechanga shilingi 6,000 zao na kulipa. Akifungua tovuti ya chuo anaona salio moja kwa wino mwekundu: 114,000. Fedha hizo zote ni za serikali, lakini kadi ya mtihani imefungwa kwa jina lake. Wengine huacha masomo hapo, na chuo huandika kwamba mwanafunzi amekosa karo.

Toeni agizo kwamba ankara ya kila mwanafunzi ionyeshe mistari mitatu, kila mmoja na salio lake: ufadhili, mkopo, familia. Chuo kiruhusiwe kumzuia mwanafunzi kwa mstari wa tatu tu. Na sehemu ya muhula wa kwanza iwe imeshatumwa kabla ya siku ya kuripoti. Majina ya waliopangiwa nafasi na kozi zao yanajulikana mapema.

La mwisho, na kwa maoni yetu ndilo rahisi kuliko yote, ni mpangilio wa hatua. Leo mwanafunzi huchagua kozi KUCCPS, hupangiwa, kisha ndipo anaomba ufadhili na kujua bendi yake. Anachagua bila kujua bei. Wanaogundua baadaye kwamba familia haiwezi wanaomba kuhamishwa wakati nafasi nyingi zimejaa, au wanakaa nyumbani mwaka mzima. Geuzeni mpangilio huo: maombi ya ufadhili yafunguliwe matokeo ya KCSE yakishatoka, kila mmoja apewe kiwango cha mchango wa familia yake, na tovuti ya KUCCPS imwonyeshe kando ya kila kozi kiasi ambacho kwao watalipa na deni atakalohitimu nalo. Dirisha la kubadilisha kozi lifunguliwe baada ya hapo, na rufaa ziwe zimeamuliwa kabla halijafungwa.

Tunaomba jibu la maandishi, lichapishwe pale mnapochapisha viwango vya bendi, kabla ya maombi ya kundi lijalo kufunguliwa. Hesabu zote zilizomo humu tuko tayari kuzipitia mbele ya maafisa wenu, mstari kwa mstari.

Wenu katika kazi hii,
Walimu na wasaidizi wa maombi ya ufadhili wa vyuo vikuu